Jeshi Dhidi ya Kindi

Kwenye nyika za Montana, Marekani, kuna kindi aishiye mashimoni. Uzito wake kama kilo moja. Silaha yake kubweka. Kumkabili huyo, bwana mwenye akili zake hununua bunduki ya risasi za .220 Swift, zilizoingia sokoni mwaka 1935, ziendazo zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde. Hapo ndipo kazi inapoanza: mtutu mzito usiguse ubao wa bunduki, kifyatulio kilegezwe hadi kiogope pumzi, baruti ipimwe kwa mizani ya sonara. Mtutu nao, kwa moto huo, huchakaa upesi. Anunue mwingine, ana haja gani na fedha? Karatasi ya shabaha anaitoboa vizuri mno. Akimkosa kindi, mkosaji ni upepo, na darubini ibadilishwe.