Muulize Shangazi Pangaboi

*Shangazi, shikamoo. Nahariri video za harusi hapa Kariakoo. Tangu Januari kompyuta yangu ikifika katikati ya kazi inazubaa. Nilipotazama joto la prosesa nikakuta nyuzi 88. Rafiki akanishauri niongeze feni ya pili kwenye hitisinki. Nimenunua pacha wa ile ya kwanza, milimita 120, yenye taa za rangi, nikaifunga upande wa pili. Sasa inasoma 94! Na bibi harusi hanipi usingizi.*
*— Naungua, Kariakoo*

Marahaba, mwanangu. Bibi harusi mwambie avute subira. Ndoa imeshafungwa, haitavunjika kwa kukosa video.

Ulivyofunga nimeshajua. Feni za taa zina uso na kisogo, na wewe kwa kuwa umetoa pesa yako umegeuza nyuso zote mbili nje, zipendeze. Feni huvuta hewa kwa usoni na kuitoa kwa kisogoni, pale penye vimikono vinavyoshika mota na stika katikati. Kwa hiyo umezifunga zinapulizana, hitisinki ikiwa katikati yao kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Hewa ya huyu inagota kwenye hewa ya yule, joto linabaki kwenye mapezi. Chana kijikaratasi chembamba ukisogeze upande mmoja, kisha wa pili. Kikivutwa ndani kote kuwili, geuza feni moja, na hewa itoke ikielekea feni ya nyuma ya kasha.

Hapo ya mbele itasukuma na ya nyuma itavuta. Mkokoteni wa Kariakoo unaupisha kila siku: mmoja yuko mbele anavuta, mwenzake nyuma anasukuma. Je, unakwenda kasi mara mbili? Hauendi. Kwenye lami tambarare huyo wa nyuma anatembea tu na kupiga soga. Ukifika kwenye mwinuko ndipo unapoona kazi yake. Mapezi yaliyosongamana ni mwinuko kwa hewa, nayo feni ya pili huongeza nguvu ya kupenya. Mapezi yakiwa yameachana, huupi mkokoteni faida yoyote. Tarajia nyuzi mbili tatu, nne ukiwa na bahati. Aliyekuahidi ishirini alikuwa na feni ya kuuza.

Sasa nikupe hesabu ambayo muuza feni hataki uifanye. Chukua prosesa inayotoa wati 65, na hitisinki ambayo kila wati moja inaipandisha nusu nyuzi. Itakuwa na moto wa nyuzi 32 hivi juu ya hewa inayoizunguka. Hewa hiyo ikiwa na nyuzi 33, utasoma 65. Lakini ndani ya kasha lililozibwa na vumbi hewa inafika 45 bila shida, na hapo utasoma 77 kwa hitisinki ile ile na feni zile zile. Feni haitengenezi baridi. Inahamisha hewa iliyopo, na kama iliyopo ni ya moto, unapulizwa moto. Ndiyo maana ugonjwa wako ulianza Januari, kaskazi ikivuma na mji mzima ukitoka jasho, na ndiyo maana hata ufunge feni kumi, prosesa haitashuka chini ya joto la chumba chako.

Kwa hiyo hiyo 88 ya mwanzo ndiyo inayonitia wasiwasi, si 94. Zima mashine, chomoa waya, peleka nje, upulize vumbi kwa blowa huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kisha fungua hitisinki uangalie pesti. Imekauka kama udongo wa kiangazi? Ifute kwa spiriti, weka mpya, kiasi cha njegere moja, usipake kama siagi kwenye mkate. Na kabla ya kurudisha chuma, tazama chini yake. Mimi hitisinki yangu ya kwanza niliifunga na ile nailoni yake ya dukani, nikakaa wiki mbili nikimlaani aliyeniuzia prosesa. Mzee wa watu hakuwa na kosa.

*Shangazi, mimi ni mwanafunzi Mombasa. Nimetoa ubavu wa CPU nikaweka feni ya mezani mbele yake. Joto limeshuka nyuzi 12! Kwa nini mafundi hawatuambii siri hii?*
*— Mgunduzi, Likoni*

Kwanza, hilo unaloliita CPU ni kasha. CPU ni kile kidude cha ukubwa wa biskuti kilichofunikwa na hitisinki. Najua mji mzima unalisema hivyo. Endeleeni, nimeshachoka kubishana.

Hukugundua dawa, umegundua ugonjwa, na si haba. Ubavu ukitoka na joto likashuka hivyo, hitisinki ni nzima ila kasha halipumui. Ungeutoa lisishuke, ningekutuma kwenye pesti. Ninyi watu wa pwani mnajua chumba cha dirisha moja: upepo unafika mlangoni na kugeuka. Funga feni moja mbele iingize, moja nyuma itoe, urudishe ubavu. Na kama mashine ni ya mtumba, ya ofisini, muulize fundi alipeleka wapi lile faneli la plastiki lililokuwa juu ya hitisinki. Watu hulitupa wakidhani ni kifuniko tu, kumbe ndilo linaloongoza hewa mpaka kwenye feni ya nyuma. Feni ya mezani mrudishie mama. Hapo ulipo, hewa ya bahari ina chumvi, na unaipuliza moja kwa moja kwenye mazabodi.

*Nikijaribu kuiwasha dakika moja bila hitisinki, kuna ubaya?*
*— Mdadisi, Dodoma*

Mwaka 2001 Tom's Hardware walirekodi video wakizivua prosesa hitisinki zikiwa kazini. Athlon ya AMD ilifuka moshi. Za siku hizi hujizima zenyewe, lakini wewe mdomo wa chungu cha moto hujaribu kwa ulimi, au unajaribu?

*Shangazi, mume wangu kaongeza feni tatu kwenye kompyuta. Akiiwasha ni kama ndege inataka kuruka. Tamthilia naangalia midomo tu.*
*— Mwenye Masikio, Tanga*

Pole, dada. Kelele inatokana zaidi na kasi kuliko idadi: feni mbili zinazofanana zikiunguruma pamoja huzidi moja kwa desibeli 3 tu. Mwambie aingie kwenye bayosi apunguze mzunguko. Ukipunguza kasi kwa nusu, hewa inapungua nusu, lakini nguvu inayoliwa inabaki thumuni. Faida halisi ya feni nyingi ni hiyo, kwamba kila moja inaweza kwenda polepole. Feni ziwe za pini nne, maana za pini tatu mazabodi nyingine haziwezi kuzituliza. Na asizirundike zote kwenye soketi moja kwa waya wa kugawa bila kusoma stika: soketi ya kawaida hubeba ampea moja.

Atakwambia anataka Noctua, za Austria, za rangi ya kahawia na maziwa, zinazosifika kwa ukimya. Ni nzuri kweli. Ila nembo yake ni bundi, na jina lenyewe ni la bundi kwa Kilatini. Mama mkwe akija, geuza kasha litazame ukuta.

*Prosesa yangu ina nyuzi 45 kazi ikiwa nzito. Niongeze feni?*
*— Makini, Nairobi*

Vaa sweta, ulale.

*Shangazi, nimefuata ushauri wako, nimebaki na feni moja nzima ya volti 12. Niiuze?*
*— Zimezidi, Morogoro*

Usiuze. Tafuta adapta ya volti 12 iliyobaki na modemu iliyokufa, na kipande cha bomba la chuma, kirefu kiasi ili plastiki isiyeyuke. Elekeza kwenye tundu la chini la jiko la mkaa. Maharage yataiva ukiwa umekaa, mikono mitupu, hakuna kupepea. Kisogo, pale penye stika, ndicho kitazame makaa.