Heko kwa Leseni Inayomrudisha Kapteni Darasani

Rubani wa helikopta mwenye leseni ya biashara anaweza kukisimamisha chombo chake hewani juu ya mdomo wa mto Wami, kiboko akamtazama naye akamtazama kiboko, asisogee hata mmoja. Anaweza kurudi kinyumenyume. Anaweza kutua kwenye kipande cha mchanga ambacho mvuvi wa Saadani angesita kuanikia uduvi. Mtu huyohuyo akiamua kwamba sasa anataka kuendesha Cessna 172, kijindege cha viti vinne ambacho kazi yake kubwa duniani ni kufundishia wanaoanza, sheria humpokea kwa bashasha: karibu, mwanafunzi.

Wapo wanaoulaani utaratibu huu, hasa wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha hanga na chai ya rangi mkononi. Mimi leo nasimama upande wa pili. Kitu kinachotukanwa na kila anayekipitia kinastahili japo msemaji mmoja, na kazi hiyo naifanya bila posho.

Tuanze na kwa nini mtu mzima, mwenye kazi ambayo watoto huacha mpira wakakimbilia kuishangaa, atake kuhama. Sababu ni tumbo. Riziki ya chopa hapa nchini hufuata kalenda ya siasa. Mwaka 2005 Freeman Mbowe, akigombea urais kwa tiketi ya Chadema, alifanya kampeni kwa helikopta, na tangu hapo chopa imekuwa sehemu ya mbwembwe za uchaguzi. Vumbi linatimka, akina mama wanashika kanga zao, mgombea anashuka ameinamisha kichwa, na rubani anabaki kwenye kiti akihesabu saa zinazolipwa. Raha iliyoje! Ila kampeni huisha, na uchaguzi mkuu mwingine uko miaka mitano mbele. Hapo katikati kuna doria za wanyamapori, kuna kuwashusha waliozidiwa na Kilimanjaro, kuna tajiri mmoja mmoja mwenye haraka. Viti ni vichache, na waliovikalia wana afya njema.

Ndege za mabawa, kwa upande wao, zinakula kila siku. Saadani, iliyopata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka huohuo wa 2005 na ambayo ndiyo pekee nchini inayogusana na Bahari ya Hindi, hupokea watalii kutoka Dar es Salaam na Unguja kwa ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye injini moja na nafasi ya abiria kumi na kitu. Rubani wa chopa anaitazama ikishusha wageni wenye kofia pana, anaitazama ikiondoka na wengine waliokwisha kuungua jua, na anaanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe imeandikwa kwa upendo mkubwa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, linataka anayeomba leseni ya biashara ya ndege awe ameruka saa 200, au 150 kama alisoma kozi nzima katika chuo kilichoidhinishwa. Kwa helikopta ni saa 150, au 100. Yaani chombo kisichokupa nafasi hata ya kujikuna pua kinadai saa chache kuliko kile ambacho ukikiweka sawa na kuachia usukani kinaendelea na safari zake bila kinyongo. Busara ya kiwango hiki haihojiwi. Hupigiwa makofi.

Na zile saa elfu tatu za chopa, hazihesabiwi? Zinahesabiwa, kiasi. ICAO imeiachia mamlaka ya kila nchi iamue ni ngapi zikubalike. Kwetu mwenye kauli ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Wamarekani wameliweka wazi zaidi: katika saa 250 wanazozitaka, angalau 50 uwe umeziruka kwenye ndege ya mabawa, wewe mwenyewe ukiwa rubani mwenye dhamana. Hata ungekuwa umeruka helikopta tangu siku ile ya Septemba 1939 Igor Sikorsky alipoinyanyua VS-300 yake ikiwa bado imefungwa minyororo ardhini, hamsini ile iko palepale. Ulaya wanakupa na mitihani ya nadharia ya kuziba pengo, kwa sababu huenda kwa miaka yote uliyokuwa juu hukupata kujua kwa nini bawa linabeba.

Tena angalia jinsi utaratibu huu unavyochagua. Moyo wa kapteni unavuka: cheti cha afya cha daraja la kwanza kinatumika huku na huku. Macho yake yanavuka, masikio yanavuka, na Kiingereza chake cha redio kinavuka bila kuulizwa kimetoka wapi. Vinavyobaki ng'ambo ni mikono na miguu.

Hapo ndipo penye uhondo. Katika helikopta, rubani mwenye dhamana kwa kawaida hukaa kulia. Mkono wa kulia unashika fimbo ya kuelekezea chombo, wa kushoto unashika wenzo wa kukipandisha na kukishusha. Katika Cessna anahamishiwa kiti cha kushoto, usukani unaingia mkono wa kushoto, na nguvu za injini zinakwenda kulia. Mikono imebadilishana ofisi. Miguu nayo haikuachwa nyuma. Kwenye Robinson, helikopta ya Kimarekani ambayo wengi walijifunzia, ukiongeza nguvu pua inakimbilia kulia, nawe unaikomesha kwa mguu wa kushoto. Kwenye Cessna, ukiongeza nguvu pua inakimbilia kushoto, nawe unatakiwa ukanyage kulia. Aliyezoea Ecureuil ya Wafaransa, ambayo panga zake huzunguka upande wa pili, ana bahati: mguu wake tayari unajua. Wengine wote huondoka ardhini wakicheza chakacha katikati ya njia ya kurukia.

Pembeni amekaa mwalimu. Mwalimu ana miaka ishirini na minne, na amelelewa vizuri.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba, mwanangu."

"Sasa kapteni, naomba mkono wa kushoto uuache usukani utulie. Usivute kitu. Hapo chini pembeni hakuna wenzo."

Sijui taasisi nyingine inayoweza kumfanya kijana amwamkie mzee na kumkemea ndani ya pumzi moja, na mzee akajibu "ndiyo, mwalimu". Mabaraza ya usuluhishi yameshindwa. Jando liliweza, lakini mara moja tu katika maisha, na mwari hakulipishwa kwa dola. Leseni hii inakupeleka jandoni kwa mara ya pili ukiwa na mvi, na wake zetu wanathibitisha kwamba mtu aliyetoka huko hurudi nyumbani akiwa msikivu ajabu, walau kwa wiki chache.

Lakini sifa kuu ya kubadili leseni iko kwenye jambo moja ambalo mwili wa rubani wa chopa umelikataa kwa miaka yote. Helikopta ndogo zenye panga mbili, kama Robinson R22 na R44, zina hofu moja kubwa: ukisukuma fimbo mbele ghafla, chombo kikawa chepesi kama gari linaloruka tuta, kitovu cha panga kinaweza kugonga mhimili wake, na kisa kikaishia hapo. Mwaka 1995 mamlaka ya anga ya Marekani ilitunga kanuni maalumu ya mafunzo kwa ajili ya helikopta hizo mbili, na hatari hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu. Basi kapteni wetu amelishika somo hilo hadi usingizini: usisukume.

Sasa anaingia kwenye ndege ya mabawa, ambako bawa likipandishwa pua kupita kiasi hewa hulikimbia, nalo huacha kubeba. Marubani huiita stoli. Dawa yake ni moja, nayo hutolewa na yule kijana kwa sauti ya juu: "Sukuma mbele!" Mtu anaombwa, kwa heshima zote, afanye kitendo ambacho kutokukifanya ndiko kulikomweka hai. Wanafalsafa wamejaza rafu za vitabu wakieleza maana ya kuisaliti nafsi. Hapa unaipata kwenye mwinuko wa mita elfu moja, na unawekewa alama.

Kutua ndiyo karamu. Chopa hufika ikipunguza mwendo mpaka ukawa sifuri, kisha inawekwa chini taratibu. Cessna 172 inakuja kwenye kilomita kama 120 kwa saa na inataka heshima hiyo ilindwe, maana ikishuka chini ya 80 au 90, kutegemea vibawa vya nyuma ya mabawa vimeshushwa kiasi gani, haina deni la kuendelea kuruka. Mkono wa chopa, ukiiona ardhi inakaribia, unataka kusimama kwanza uangalie. Ndege haisimami iangalie. Kapteni aliyekuwa akitua juu ya paa la hoteli anajikuta akikumbatia hewa mita tano juu ya lami, akisubiri kitu ambacho mabawa hayajapata kukifanya tangu ndugu Wright waruke mwaka 1903.

Ongeza na upepo. Watu wa pwani tunaishi na kusi na kaskazi, na rubani wa chopa ana tabia ya kistaarabu ya kugeuza pua akauelekea upepo popote utokapo. Uwanja wa ndege haugeuki. Ulishachongwa, una ncha mbili, na kusi ikiupiga ubavuni utatua humohumo: ndege imekaa kiupande kama kaa, bawa la upande wa upepo limeinamishwa, mguu wa pili umenyoosha pua, na mwalimu anatazama dirishani akijifanya hana wasiwasi.

Saadani kuna nyongeza isiyo kwenye mtaala wa ICAO. Kiwanja chake hakina lami, na wenye nacho ni ngiri, kuro na wakati mwingine twiga. Chopa ikiwakuta ingechagua pengine. Ndege hupita kwanza chini chini juu ya uwanja mzima kuwaomba waondoke, inapanda, inazunguka, inarudi kutazama kama ombi limekubaliwa. Ngiri huinua mkia na kukimbia mita thelathini, kisha husahau alichokuwa anakimbia. Mzunguko mwingine. Hapo ndipo kapteni aliyekuwa hamhitaji mtu anapoelewa alichonunua kwa dola zake zote: amenunua uhitaji. Anahitaji uwanja, anahitaji mkata nyasi, anahitaji askari wa hifadhi mwenye gari la kufukuza wanyama, anahitaji dereva anayesubiri wageni kivulini. Na kazi za kila siku ziko huko kwenye uhitaji. Chopa inajitosheleza, ndiyo maana ajira zake zinahesabika kwa vidole. Ndege isiyoweza kutua bila kusaidiwa na nusu ya kijiji imewalisha watu wengi zaidi. Hili nalisema bila utani.

Nisiisahau safari ndefu. Leseni ya biashara ya ndege inadai safari moja ya angalau kilomita 540 ukiwa rubani mwenye dhamana, ukitua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Kapteni wetu amepita pwani hii mara zisizo idadi, Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga, akiijua mikoko kwa majina. Kwenda Tanga na kurudi Dar es Salaam ni kilomita kama 400. Haitoshi. Lazima akaisalimie Kilimanjaro kwanza, au ashuke Mtwara. Utaratibu unaojali utalii wa ndani kiasi hiki haujapewa tuzo yoyote.

Wanaofaidi wengine ni wengi. Zipo shule za urubani za uwanja wa Wilson pale Nairobi na za Afrika Kusini, ambako vijana na wazee wetu wengi wamekwenda kujifunza. Yupo mwenye nyumba ya wageni jirani na uwanja. Yupo daktari wa anga, muuza mafuta ya ndege, mchapaji wa vitabu vya mitihani vinavyobadilishwa jalada kila mara. Wote hao hula kwa jasho la mtu mmoja anayejifunza kukanyaga kulia.

Historia nayo inaniunga mkono. Bwana Heri bin Juma, mtawala wa Saadani, alipigana na Wajerumani wa Hermann von Wissmann, mji wake ukapigwa mizinga kutoka baharini, na mwaka 1890 akakubali amani. Amani ilimalizika kwa mazungumzo. Hakuna aliyemtaka arudie saa zake za vita kwenye chombo kingine mbele ya mtahini. Tumepiga hatua tangu hapo.

Kwa hiyo, kapteni wa chopa unayesoma haya ukiwa umekunja nne hangani, nenda. Ila kabla hujalipa ada kwa chuo chochote, cha hapa au cha ng'ambo, beba daftari lako la saa, iandikie TCAA barua, uwaulize ni saa ngapi kati ya hizo watazikubali na ni mitihani ipi watakusamehe. Subiri jibu la maandishi lenye mhuri. Ukishalipata, ndipo utafute kiti cha kushoto.