Kidonge cha Chuma na Chai ya Mama Mkwe

Ukweni kwangu, tangu Jumapili iliyopita, mimi ni mwanamke anayeogopa kulishwa kitu.

Nilifika kwa mama mkwe, nje kidogo ya Mwanhuzi, nikapiga goti: "Mwangaluka, mayu." Akafurahi kuona mshono wangu wa upasuaji umepona. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha chai ya maziwa, ile nzito yenye utando juu. Balaa ni kwamba nilipokuwa nashuka kwenye bodaboda nilikuwa nimemeza kidonge changu cha chuma.

"Asante mama, nitakunywa baadaye kidogo."

Akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Kisha akapiga funda moja, taratibu, mbele ya mawifi zangu, akasubiri kidogo ili kila mtu aone kwamba bado yu hai, akaninyooshea tena. Sasa hapo unakataaje? Nikakataa. Nikaanza kueleza kwamba chuma na maziwa haviivi. Wifi akadakia, "Kwani maziwa tunachemshia kwenye nini?" Baba mkwe, aliyekuwa amekaa kimya chini ya mti, akahitimisha: "Mpeni maji. Tena achote mwenyewe."

Laiti wangenisikiliza, maana habari yenyewe ni tamu. Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 hadi 4 hivi, uzito wa msumari mmoja tu, na hauna njia ya kukitoa kwa makusudi kikizidi. Kwa hiyo ulinzi wote umewekwa pale kinapoingilia, mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kilichokwisha kuingia hakichezewi: chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, ikichakaa huvunjwa, hasa kwenye wengu, na chuma chake kinarudishwa kazini kutengeneza nyingine. Ubahili wa namna hiyo sijauona hata kwa wanunuzi wa pamba. Mlinzi mkuu ni homoni ya ini iitwayo hepsidini. Ukimeza dozi leo, hepsidini inapanda, na kidonge cha kesho kinakuta mlango umerudishwa. Ndiyo maana mwaka 2017 watafiti wa Uswisi walionyesha kwamba wanawake waliomeza siku moja na kuruka ya pili walinufaika na sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kuliko waliomeza kila siku. Hapo bado chai, ambayo tanini zake hukikamata chuma humohumo tumboni, na kalsiamu ya maziwa, inayokizuia kupita. Kikombe cha mama mkwe kilikuwa na vyote viwili. Angenipa ubuyu, wenye vitamini C inayokisaidia chuma kuingia, ningelamba mpaka mbegu.

Mengine ni madogo. Alamu ya vidonge ililia kanisani katikati ya sala ya toba. Choo kilipogeuka cheusi, mume wangu alitaka kukodi gari la kunipeleka hospitali ya Bugando usiku uleule. Mtoto wa jirani aliviona vile vyekundu akadhani pipi. Nilimkimbiza nimeshika mshono.

Lakini kuna jambo halinichekeshi. Damu yangu iliishia kwenye uvimbe wa kizazi miaka mingi kabla ya kisu, na siko peke yangu: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza viwanda viongeze chuma kwenye unga wa mahindi. Vizuri sana. Huku kwetu gunia linatoka shambani kwenda mashine ya mtaani, na mwenye mashine anaongeza kelele tu.

Na dirishani nilikochukulia dawa, dada alichukua bahasha ya kaki, akaandika "1x1", akaita mwingine. Hakusema neno kuhusu chai, katika wilaya ya wafugaji, ambako mgeni hupewa maziwa kabla hajaulizwa jina. Aliyepanga maelekezo haya yawe mafupi hivyo anadhani mgonjwa anaishi peke yake na kikombe chake. Bahasha ilikuwa na nafasi tele. Maneno "usinywe na chai wala maziwa" yangeenea upande mmoja, na upande wa pili ungebaki kwa ajili ya mama mkwe kusoma.