Samaki wa Bwana Mkubwa

Hongera, jirani, kwa tangi la lita 60. Kolwezi tuko mita 1,400 na ushei juu ya bahari, na usiku wa Juni baridi haina adabu. Samaki wako wanataka nyuzi 24 hadi 26. Nunua hita ya wati 60, yenye kujizima yenyewe. Taa iwake saa 7 tu kwa siku. Ukizidisha, utafuga mwani. Panda anubias, mmea wa Kongo hii hii, usiodai mwanga mwingi, kama sisi majirani zako.

Umeme usikutie shaka. Waya wa bwawa la Inga ulifika hapa tangu 1982, kilomita 1,700 hivi, ukipita juu ya vijiji vilivyo gizani ili kulisha migodi ya shaba. Mabwawa ya Nzilo na Nseke nayo yapo jirani. Ukikatika, washa jenereta: mtaa mzima tutajua samaki wamelala salama. Pazia liache wazi, watoto wetu wana mtihani.

Ila uduvi usiweke. Shaba kidogo tu majini huwamaliza; hawana uvumilivu wetu.