Nashuka Mbozi

Daktari wa meno hakusemeshi ukiwa na uwezo wa kujibu. Husubiri kioo kiingie, pamba ijae shavuni, ulimi ubanwe chini, ndipo akumbuke mazungumzo. "Unafanya kazi wapi, mzee wangu?"

Kutamka i, ulimi hupanda mbele karibu na kaakaa. Ukitaka u, hupanda nyuma, midomo ikajiviringa. Wangu ulikuwa umelala chali, na ulimi uliolala una irabu moja tu.

"Aaa-aaa," nikajibu.

"Aa, bandarini! Kuzuri huko."

Mimi ni mwalimu. Nikapinga: "Aaa!" Akaniuliza kama inauma.

Wapo walioteseka kwa hiari. Mwaka 1917 Daniel Jones, mtaalamu wa fonetiki wa London, alichapisha picha za eksirei za irabu: mkufu mwembamba wa madini ya risasi umelazwa juu ya ulimi ili mgongo wake uonekane umeinuka wapi. Risasi ni sumu, lakini wanaisimu wana roho ngumu.

Jino lilitoka salama. Kilichobaki ni ganzi. Ile sindano ya taya la chini haiuzuii ulimi kwenda, inakata taarifa zake tu: unatembea bila kukuambia umefika wapi. Konsonanti zina nafuu, maana t ina ufizi wa kugonga. Irabu huelea hewani. E na o zina kimo kimoja, hutofautiana kwa mbele na nyuma na kwa umbo la midomo, na kuitafuta e kwa ulimi wenye ganzi ni sawa na kutafuta kandambili gizani kwa mguu uliokufa ganzi.

Konda wa gari la Kibamba akauliza nashuka wapi. Nilikusudia Mbezi. Ulimi ukarudi nyuma kidogo, mdomo uliovimba ukajiviringa wenyewe, ikatoka Mbozi.

"Mbozi ya Songwe?"

Nikakataa kwa nguvu, zikatoka irabu zisizo na kabila. Mama wa siti ya mbele akauliza mizigo yangu iko wapi. Kijana mmoja akaeleza kuwa huko ndiko kwenye kile kimondo. Mate yakanitoka, jicho nalo likalengwa machozi.

"Mwacheni mzee wa watu," konda akasema, "ana msiba huyu. Namshusha Mbezi pale stendi, akapande basi la Tunduma."

Nauli akaikataa. Mama akanifumbatisha noti ya rambirambi. Kwangu ni ng'ambo ya barabara tu, ila konda alisimamisha gari, akanisindikiza kwa macho mpaka kwenye mabasi ya mikoani, ikabidi niende.