Mjomba Hakosi Ajibu: Kilio cha Utoto

Wiki hii wasomaji mmeniandikia kana kwamba mmekutana usiku mkapanga. Barua zote zinalia jambo moja: utoto. Mhariri aliniomba nijibu kwa kifupi. Nimemwambia ufupi ni wa watu wasio na hoja, nami hoja ninazo hadi za kukopesha. Tuanze.

*Mjomba, mwanangu ana miaka tisa na hajui rede wala kombolela. Yeye na simu, simu na yeye. Nifanyeje?*
*Baba Mwenye Uchungu, Tabata*

Baba Uchungu, umebisha hodi mlango wenyewe. Ila kabla sijakujibu, ni haki yako kujua unaongea na nani. Magomeni nzima, toka Mapipa hadi Kagera, jina langu kwenye kombolela lilitajwa kwa kunong'ona. Nilikuwa nikijificha, wenzangu wananitafuta hadi wanakata tamaa, wanakwenda kuoga, wanakula, wanalala. Kuna mmoja alioa kabla hajaniona. Hawa mnaowaona leo wakiwakwepa wadai wao ni wanafunzi wangu, ingawa hakuna hata mmoja aliyelipa ada.

Rede nayo, usiniambie ni mchezo wa wasichana. Mchezo gani mwingine unamtaka mtu asimame katikati ya wawili wanaomlenga kwa mpira wa soksi, akwepe kushoto, akwepe kulia, na hapohapo ainame ajaze mchanga kwenye chupa ya soda hadi shingoni? Ujuzi huo ndio unaoniwezesha kuandika safu hii huku mhariri akinipigia simu za vitisho.

Na huo mpira haukununuliwa. Ulianza na tambara, ukavishwa mifuko ya nailoni, ukaingizwa kwenye soksi ya baba iliyokuwa "imepotea", kisha ukafungwa kamba ya katani hadi ukawa mgumu wa kuvunja kidole cha mguu. Ukitaka kumtengenezea mwanao leo, utakwamia hatua ya pili, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Wizara ilifikiria mazingira, haikufikiria mabeki.

Sasa sogea nikupe siri ambayo wazee wenzangu hawatakwambia hata uwanunulie kahawa. Sisi watoto wa Bara hatukuwa wema, hatukuwa na televisheni, basi. ITV imeanza mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walishaona picha za rangi tangu miaka ya 1970, sisi huku tunatazama ukuta. Tulikuwa na Redio Tanzania, na Deborah Mwenda akianza hadithi kwenye Mama na Mwana, hata wakorofi walitulia. Betri zikichoka tunazianika juani batini, zikipata joto zinaimba tena kidogo. Tungepewa hiyo simu ya mwanao mwaka 1981, kombolela ingekufa siku hiyohiyo, na mimi bingwa wake ningeongoza mazishi. Wema wetu haukuwahi kutahiniwa, Baba Uchungu.

Halafu unamwambia mtoto akacheze nje. Nje ipi? Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 Tanzania nzima. Ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7, na kati yao zaidi ya milioni 5.3 wamebanana hapo Dar es Salaam na wewe. Uwanja wetu wa chandimu, ambapo nilifunga mabao yasiyo na idadi kwa sababu mwenye mpira nilikuwa mimi, leo ni fremu za maduka. Moja inauza simu.

Tiba ni hii. Jumamosi alfajiri mwamshe mtoto, mpe kapu, mpange foleni ya sukari kama zile za utoto wetu, palepale sebuleni. Mbele yake weka stuli, kigoda, shangazi yake na jirani mmoja anayejifanya ndugu wa muuzaji. Foleni isogee kwa kusinzia. Saa nne akifika mbele, mwambie sukari imekwisha, imebaki sabuni, na sabuni ni mpaka balozi wa nyumba kumi akubali. Mchana mpikie ugali wa mahindi ya njano, ule wa msaada kutoka Marekani tuliouita unga wa Yanga kwa rangi yake. Mashabiki wa Simba waliulalamikia sana, na waliumaliza. Jioni mwambie: mwanangu, huu ndio utoto mtamu ninaokusimulia kila siku.

Ikishindikana, funga hiyo simu yako mwenyewe, utoke naye ukampige pasi. Mengine yatajipa. Anayefuata!

*Mjomba, mume wangu kila jioni anawasimulia watoto alivyotembea pekupeku kwenda shule. Watoto wamechoka, nami nimechoka.*
*Mke Aliyesikia Vya Kutosha, Morogoro*

Pole, mama. Ugonjwa huu naujua, una dalili moja kuu: njia inakua. Alipokuoa ilikuwa kilomita tatu. Alipozaliwa mtoto wa kwanza zikawa tano na mto. Sasa naamini imefika tisa na simba amehamia kando ya mto. Mwombe achore ramani. Asipoweza, mwambie shule yake iko Malawi.

Mimi mwenyewe nilisoma kwa taabu, ila kwa kuwa nina akili nyingi sikuhitaji kuisimulia hadi leo. Alfajiri mchakamchaka, ufagio kwapani, kidumu cha maji mkononi, ole wako ukifika bila kimojawapo. Wahenga walisema ya kale hayanuki. Inaonekana wahenga hawakupangiwa zamu ya vyoo vya shule yetu.

Najua pia anasema fimbo ndizo zilizomnyoosha. Mtazame alivyolala kwenye kochi, utakubali kwamba kanyooka. Ila akitaka kuwarithisha watoto kumbukumbu hizo, mwonyeshe kanuni za mwaka 2002: hata shuleni viboko haviruhusiwi kuzidi vinne, na ni mwalimu mkuu au aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Enzi zetu aliyekuwa na idhini ni yeyote mwenye mkono. Mama wa nyumba ya pili anakuchapa kwa kumrushia embe jogoo wake, ukifika kwenu umelia unaongezewa, kwa kosa la kumchosha mama wa watu.

Tena kuna hesabu mumeo anairuka. Utafiti wa afya wa mwaka 1991–92 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa nchini, 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Karibu mmoja katika kila saba. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 43. Chanjo na vyandarua vimefanya kazi ambayo kutembea pekupeku hakukuifanya. Wanaosema "tulikunywa maji ya mtoni na hatukufa" ni wale ambao hawakufa. Wenzao hawajaalikwa kwenye mazungumzo.

Naona nimeanza kusema mambo ya maana. Tusizoeane. Dawa yako: kila mumeo anapoanza hadithi, wavalishe watoto viatu, muwe nyuma yake, mwambie asimulie akitembea, na umbali uwe uleule wa shuleni. Watoto watapata mazoezi na hewa ya Uluguru. Yeye akifika kilomita ya pili, hadithi itakuwa imefika mwisho, na njia ya shule itaanza kufupika yenyewe.

*Mjomba, nina miaka 23 na tayari nalilia utoto wangu. Je, naumwa?*
*Kijana Mzee, Mbagala*

Unaumwa, na bahati yako umemwandikia mtu anayesoma. Mwaka 1688 daktari mmoja wa Uswisi, Johannes Hofer, aliandika tasnifu nzima kueleza kwamba kuililia mno nyumba uliyoiacha ni ugonjwa kamili. Matabibu wa zamani huko Ulaya waliutibu kwa ruba na kasumba, na visiposaidia, mgonjwa alirudishwa kwao. Kasumba sikuandikii, polisi wanaisoma safu hii. Ruba wapo hapo Mbagala, ni wakopeshaji wanaoitwa kausha damu, wala usiwasogelee. Kukurudisha kwenu nako hakuwezekani, maana kwenu ni mwaka 2009.

Bila shaka unakumbuka kuzungusha antena juu ya bati huku baba akipiga kelele toka ndani: "Hapo! Hapohapo! Umepitiliza, rudi!" Na picha inatulia tu pale unapoishika antena kwa mkono, kwa hiyo mechi yote unaitazamia juani, mgongo kwa televisheni. Kazi hiyo ilikoma Dar es Salaam Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa, nchi ikahamia ving'amuzi. Wewe mtumwa wa paa umeachwa huru, na unauliza minyororo imekwenda wapi!

Ila nakuelewa. Hukuipenda antena. Ulipenda kuwa mtu ambaye bila mkono wake nyumba nzima haioni mpira, na ambaye kodi ya nyumba haimhusu. Sasa kodi unalipa wewe, na mpira watu wanautazama wenyewe kwenye simu. Hapo hata mimi ningelia, kama machozi yangu yasingekuwa na thamani kubwa hivi.

Mwaka 2055 mjukuu wangu atairithi safu hii, na barua ya kwanza itatoka kwa mtoto wa Baba Uchungu wa Tabata. Ataandika: "Watoto wa siku hizi hawajui raha. Sisi tuliishiwa bando katikati ya katuni, tukavumilia, na tumekuwa watu wazima wenye adabu." Mjukuu atamjibu vizuri, kwa sababu nitakuwa nimemwandikia majibu kabla sijafa.

Dawa yako ni fupi, maana mhariri kasimama mlangoni: mpigie simu baba. Usimbipu, piga. Muulize siku ile nani alifunga.

Hukumu kwa wote watatu: mtoto apewe mpira, apewe mahali pa kuuchezea, apewe na chanjo zake, kisha aachwe aharibu utoto wake mwenyewe, kama sisi tulivyoharibu wetu. Kwa wiki ijayo leteni barua za mahari, tena zije kabla ya Ijumaa. Za kunisifu zinapokelewa siku yoyote.