Karibu Mgeni, Kundi Limefungwa

Tangu mwaka 2018, WhatsApp imewapa wasimamizi wa makundi, yaani wale wanaojulikana zaidi kama maadmini, uwezo wa kulifunga kundi ili wao peke yao waweze kuandika, na kamati nyingi za harusi zimegundua kwamba amani hupatikana kwa kubonyeza tu. Anayeumia ni mwanachama mpya, ambaye mara nyingi huingizwa bila kuulizwa, hakuti mazungumzo yaliyotangulia kwa kuwa kwa kawaida hayamfikii, na mahali pa kuandikia huona tangazo kwamba wasimamizi tu ndio wanaoruhusiwa kutuma ujumbe. Hajui kama kuna msiba, ugomvi, au mweka hazina aliyeulizwa swali gumu. Tiba ni nyepesi: sentensi moja katika maelezo ya kundi, yaani utambulisho unaosomeka hata kundi likiwa limefungwa, itakayotaja sababu ya kufunga, saa ya kufungua na mtu wa kuulizwa. La ajabu ni kwamba kamati hizo hizo, zinazokosa nafasi ya sentensi hiyo, hazisahau kamwe kuweka hapo namba ya kupokelea michango.